Chandarua cha Vifaranga

Mheshimiwa hakuwa mheshimiwa wa mtu yeyote. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya afya ya kijiji, cheo kisicho na mshahara wala ofisi, lakini kina kipaza sauti, na hicho kilimtosha. Mpe kipaza sauti akumwagie malaria yote: mbu wanataga wapi, madimbwi yafukiwe vipi, mjamzito alale ndani ya nini. Watu walimpigia makofi. Mkewe, aliyemsikia mpaka jikoni kwake, alisonya.

Kwani chandarua cha nyumba hiyo kilikuwa wapi? Kilikuwa nyuma ya jiko, kimetandazwa juu ya uzio wa vifaranga ili mwewe asiwaguse. Vifaranga wa Mheshimiwa walilala kifalme. Mkewe, na tumbo lake kubwa, alijipiga makofi usiku kucha, na hayo hayakuwa ya kushangilia.

"Mume wangu, nitolee hicho chandarua," alikuwa amemwomba, kwanza kwa upole, halafu kwa machozi. "Mimba ya kwanza ilitoka kwa malaria. Umeshasahau?"

"Ile ilikuwa homa ya kunyeshewa. Nilikukataza kwenda shamba na mvua, ukajifanya hodari. Mbu wa hapa tumeshawazoea. Mwewe je, nani amemzoea?"

Mtu huyo huyo! Mkutanoni mbu ni adui, nyumbani mbu ni jirani. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu hata mkewe hakutaka kumganga.

Wageni wa afya walipoleta taarifa kwamba wanakuja, nyumba ya mfano ikawa ya nani? Yake. Utaratibu ulikuwa ule wa kila ugeni: yeye aende mkutanoni, mkewe abaki, na akisikia makofi ya mwisho akivue chandarua bandani, akikung'ute manyoya, akitundike kitandani. Wageni wakishaondoka, kirudi kwa wenyewe.

"Usichelewe," alimwambia akifunga tai. "Na ukikung'ute vizuri. Mara ile kilikuwa na kinyesi, ukaniaibisha."

Ukaniaibisha! Neno hilo lilimkaa mwanamke kooni asubuhi nzima.

Makofi yakalia. Akachukua mkeka na mto, akainua ukingo wa chandarua, akaingia kwa vifaranga, akajilaza. Palinuka, tena sana. Lakini usiku hakuwa amelala, na usingizi haukumngoja azoee harufu.

Aliamshwa na sauti ya mumewe ndani ya nyumba. "Na hapa, wageni wetu, ndipo..." Kitanda kilikuwa wazi, bila chandarua.

"Mama mwenye nyumba yuko wapi?" sauti ya kike iliuliza.

Nesi aliyekuja na wageni, mwanamke mnene asiye na haraka, akazunguka nyuma, na kundi la wapiga makofi likamfuata. "Mama, unafanya nini humo?"

"Nimelala, nesi. Mwenyekiti amefundisha mjamzito alale ndani ya chandarua. Chandarua cha nyumba hii ndicho hiki."

Watu wakacheka, wengine wakishika mbavu. Mheshimiwa akachomoa leso, akajipangusa. "Msimsikilize. Ana homa, imempanda kichwani."

"Ana homa, nawe unamlaza na kuku?" nesi akamuuliza.

Kicheko kikakatika. Nesi akainama, akamgusa mwanamke paji la uso, akamuuliza hiyo ni mimba ya ngapi.

"Ya pili. Ya kwanza ilitoka."

Nesi hakumhutubia mtu. Alikunja mikono ya sare yake, akaanza kufungua kamba za chandarua mwenyewe. Majirani wa kike wakakipokea, wakakifua, wakakianika kivulini, na kilipokauka wakakitundika juu ya kitanda.

Wageni walipoondoka mwewe alikuwa ameshaanza kuzunguka. Mheshimiwa, tai imehamia begani, alikimbia uani akipunga koti na kupiga kelele. Mwisho akaja dirishani akihema. Mkewe alikuwa kitandani, chandarua kimechomekwa chini ya godoro pande zote.

"Na vifaranga wangu je?"

"Wahutubie," akamwambia, akageukia ukutani.