Mlango Alioutengeneza Thobias

Frida alisukuma mlango wa chumba cha eksirei kwa kidole kimoja, nao ukafunguka. Akaurudisha, akausukuma tena.

"Huu mlango una njaa," akamwambia Amosi, yule mwenye upara anayepiga picha pale hospitalini.

Amosi akacheka, akidhani ni utani.

Frida ni mjukuu wangu. Kazi yake ni ya mionzi, lakini hapigi watu picha wala hatibu mtu. Amesomea fizikia ya hospitali. Yeye ndiye anayepima kama mashine inatoa mionzi ya kiasi, na kama mionzi inabaki mle chumbani au inatoka kwenda kwa watu wasiohusika. Anaishi Mwanza. Mwaka huu akatumwa huku kwetu Gungu, kwenye hospitali ya mtu binafsi, Dokta Dismasi, akakague chumba chake kabla hajapewa kibali kipya.

Sasa, mlango wa chumba kama kile hujazwa bamba la risasi katikati ya mbao, ile risasi laini nzito, siyo ya bunduki. Bila bamba, mionzi inapita kwenye mbao kama mwanga unavyopita kwenye chandarua. Mlango wenye bamba unausukuma kwa bega. Kidole hakitoshi.

Frida akamtuma Veneranda, mwandikishaji wa wagonjwa, akanywe chai mbali. Meza ya Veneranda ilikuwa nje ya mlango ule, imeugusa kabisa, naye alikuwa mjamzito, tumbo limeshaonekana. Halafu Frida akaweka ndoo ya maji kitandani mahali pa mgonjwa, maana maji hutawanya mionzi kama nyama ya mtu inavyotawanya. Akasimama penye ile meza na kipimo chake mkononi, akamwambia Amosi bonyeza. Namba zikapanda. Bonyeza tena. Zikapanda tena.

Akaenda kwa Dokta Dismasi. "Nani aliutengeneza mlango huu?"

"Ndugu yako," Dokta akasema. "Fundi Thobias. Kwani hakukuambia? Nilimpa mabamba mwenyewe, mikononi mwake."

Thobias ni mwanangu. Binti yangu Mariana, mama yake Frida, alipofariki, Thobias ndiye aliyemchukua yule mtoto akamlea na wa kwake. Na wiki ile ile wakwe wa Frida walikuwa wanatoka Ujiji kuja kumaliza mambo ya mahari, na wa kusimama kama baba alikuwa huyo huyo Thobias. Sasa unaona alivyobanwa.

Jioni tulikaa kula kwa Thobias, ugali wa muhogo na migebuka ya mawese. Frida hakugusa chakula.

"Mjomba, risasi iko wapi?"

"Risasi gani?"

"Ya Dokta."

"Imo mlangoni."

"Haimo."

Thobias akachambua samaki wake taratibu, akatoa miiba, akailaza pembeni ya sahani. "Basi iko ziwani," akasema. "Niliwauzia wavuvi wa Ilagala, wakaiyeyusha, wakafanya vizito vya nyavu. Unataka nipige mbizi?" Akacheka peke yake. "Frida mwanangu, ule ni mninga mtupu. Mbao ile ile nimejengea madhabahu. Mvua haipiti, jua halipiti, sembuse hicho kitu chenu kisichoonekana?"

"Kinapita. Nimekipima."

"Basi andika hakipiti. Nitauziba mwenyewe polepole, nikipata bamba."

"Na Veneranda anayekaa pale?"

"Veneranda ana mdomo mchafu. Mwache asafishwe."

Nikamwambia, "Thobias, shika adabu mezani." Hakunisikia. Alishasogeza kiti, anamtazama Frida usoni.

"Jumamosi nani anasimama mbele ya wakwe zako?"

"Wewe, mjomba."

"Mimi. Ninaweza kukusifia mpaka walie. Ninaweza pia kuwaambia yale watu wanayosema njiani, kwamba mwanamke anayeshinda na mashine zile tumbo limeshakauka. Wewe chagua."

"Ni uongo, na unajua ni uongo."

"Mimi ninajua? Mimi fundi seremala," akasema, akanawa mikono.

Frida hakulala nyumbani kwa Thobias tena. Alikuja kwangu, akakaa kitandani na nguo zake za kazi, nikamsubiri aseme. Mwisho akasema, "Bibi, nikiandika mlango ni mzima, Veneranda atarudi kwenye kile kiti Jumatatu. Akitoka yeye ataletwa mwingine."

"Na Bariki?"

Bariki ndiye mchumba wake. Frida akavua viatu, akajilaza.

Kesho yake akafunga chumba. Akaandika mlango hauna kinga, na fundi ni nani. Akamwita Veneranda faragha amweleze, maana ndivyo kazi yao inavyotaka, mtu aliyepigwa na mionzi aambiwe.

"Kwa hiyo mtoto wangu ana nini?" Veneranda akauliza.

"Nimepiga hesabu. Kilichokufikia ni kidogo. Karibu hakika hana shida yoyote."

"Karibu?"

"Siwezi kukuambia zaidi ya hapo. Ila hakikupaswa kukufikia hata hicho kidogo."

"Karibu!" Veneranda akashika tumbo lake kwa mikono miwili. "Mjomba wako anauza risasi, wewe unaniletea karibu! Ukoo wa mashetani nyie." Akamtemea mate kwenye viatu. Frida akatoa kitambaa, akafuta, akamwambia aende kliniki wiki ile ile wamwangalie, na kwamba nauli ya bodaboda italipwa.

Jumamosi wakwe wakaja. Bariki na wazee wawili, na shangazi yake Margareta, mwuza migebuka wa Ujiji, mwanamke mkubwa mwenye sauti. Ndiye msemaji wa ukoo wao. Tukawapa viti, tukawapa chakula, wakala vizuri. Nikaanza kudhani Thobias atajizuia. Alikuwa mchangamfu, anawamiminia vinywaji, anawaita wakwe zangu wapendwa.

Mazungumzo yalipofika mahali pake akasimama, akavua kofia.

"Wakwe zangu, mimi ni mtu wa kanisa. Siwezi kuwapa ng'ombe mgumba nikanyamaza."

Margareta akaweka bilauri chini. "Unasema?"

"Binti yetu kazi yake ni mionzi. Nyie mnadhani ni daktari, siyo? Anashinda na mashine zile mwaka mzima. Juzi tu hapa Gungu amefunga chumba kizima kwa sababu mionzi inadhuru wenye mimba. Ameandika kwa mkono wake. Sasa kama inamdhuru aliyekaa nje ya mlango, yeye anayekaa ndani je?"

Alichukua kazi nzuri ya Frida akaigeuza fimbo ya kumpigia. Alinishangaza. Sikujua mwanangu ana akili ya namna hiyo.

Frida akafungua mkoba, akatoa beji yake, kile kidude kidogo cha plastiki wanachovaa kifuani kazini. "Hii inapelekwa kupimwa, inasema nimepata kiasi gani. Yangu haijawahi kuzidi. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, shangazi, kujua pa kusimama. Sijapata hata robo ya alichopata yule mama wa nje."

"Beji inazaa?" Margareta akauliza.

Wale wazee wakacheka. Na Thobias akacheka.

Bariki hakucheka, hilo nitalisema kwa haki yake. Alisogeza kiti karibu na Frida, akasema polepole, "Wewe apa tu, Frida. Waapie hapa, tumalize."

"Niape nini?"

"Kwamba utazaa."

"Hakuna mwanamke anayeweza kuapa hivyo."

"Apa tu. Ni maneno."

Frida akamtazama. Nilimwona anatafuta kitu usoni mwa yule kijana, asikipate. Halafu akamgeukia Margareta, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Shangazi, wewe ulipoolewa uliapishwa?"

Kila mtu kutoka Ujiji mpaka Gungu anajua kwamba Margareta hakujaaliwa mtoto, na kwamba mumewe alimwachia nyumba akavuka ziwa akaoa upande wa Kongo. Frida pia alijua. Bariki ndiye aliyemsimulia, kwa siri, kama wachumba wanavyosimuliana.

Margareta hakupiga kelele. Alitafuta kanga yake, akaikosa, kumbe amekalia. Akainuka, akajifunga vibaya, akatoka bila kuaga, na ukoo wake ukamfuata. Bariki mlangoni akasema, "Ungeapa tu," akaenda.

Thobias akavaa kofia yake. "Ameharibu mwenyewe," akaniambia. "Mimi sikumtuma amtukane mama wa watu."

Dokta Dismasi hakumpeleka Thobias polisi. Alimwambia arudishe mabamba na atengeneze mlango upya kwa jasho lake, la sivyo akalale ndani. Thobias akaenda Ilagala kuomba vizito virudishwe. Wavuvi wakamwambia aingie majini avifungue kimoja kimoja. Mwisho akauza mashine yake ya randa, ile aliyokuwa akiringia mtaa mzima, ndipo akapata mabamba. Akapachika, akafunika mbao, akapiga vanishi. Frida akaitwa tena kutoka Mwanza kuja kupima.

Asubuhi ile Thobias akaja kwangu. "Mwakeye, mama," akanisalimia kwa Kiha, jambo asilofanya ila akiwa na shida. "Twende wote. Mbele yako hatanifanya kitu."

Nikaenda naye.

Frida akanishika miguu, "Shikamoo bibi." Kwa mjomba wake akatikisa kichwa tu. Akaweka ndoo ya maji kitandani, akatoka na kipimo, Amosi akabonyeza. Akapima katikati ya mlango, akapima chini, akapima kwenye bawaba, akapima ukuta. Hakuacha hata ufa. Kipimo kililala kimya. Akaandika. Nilimwona anaandika, na Amosi akaniambia kwa sauti ya chini, "Umepita, bibi. Mlango mzima."

Kisha Frida akamwita. "Mjomba, njoo usimame hapa nje. Weka mgongo kwenye mlango."

"Wa nini? Si umeshapima?"

"Nimepima kwa mashine. Sasa fundi athibitishe kazi yake. Si umeujaza?"

"Nimeujaza."

"Basi simama."

Kwenye benchi wagonjwa walikuwa wanatazama. Thobias hakuwa na pa kwenda. Akasimama, akabandika mgongo. Frida akamwambia Amosi akapumzike, akanishika mkono akaniingiza ndani, akafunga. Akawasha taa nyekundu ya juu ya mlango, ile inayowaambia watu kwamba mashine inafanya kazi. Kisha akavuta kiti, akaketi.

"Frida!" Thobias akaita. "Imeanza?"

"Tulia, mjomba."

Tukasikia watu wa benchi wanacheka. Mmoja akasema, "Mzee, mbona umejifunika huko mbele? Toa mikono, mionzi haili vidole!" Wakacheka zaidi.

"Frida, tosha!"

"Bado."

Nikamwambia, "Mwanangu anaogopa. Mtoe."

"Hakuna kitu kinachomfikia, bibi. Mashine nimeizima."

Nikaiangalia. Kweli ilikuwa imezimwa, hata waya umechomolewa. Hakuna kitu pale ila ndoo ya maji na ile taa.

"Basi mwambie."

"Hata mimi niliwaambia wakwe hakuna kitu," akasema. Akatoa chungwa kwenye mkoba akaanza kulimenya, maganda anayaweka mapajani. Nimemlea huyu mtoto pamoja na Thobias, nilidhani ninajua nyuso zake zote. Huu sikuwahi kuuona.

Nje Thobias akaanza kumtaja Mungu. Kisha akaanza kuahidi: atakwenda Ujiji, atapiga magoti kwa Margareta, atasema alidanganya. Frida anatafuna chungwa. Kisha akaacha kumwita Frida, akaniita mimi. "Mama! Mama, uko wapi?"

"Ukitaka nenda kamwambie," Frida akasema. "Sikuzuii, bibi."

Nikainuka, nikaenda, nikashika kitasa. Upande wa pili mwanangu alikuwa analia waziwazi, mtu mzima, mbele za watu, na benchi zima limeshika mbavu kwa kicheko.

Nikakiachia kitasa. Frida akanikatia kipande cha chungwa, nikarudi nikaketi.