Moto wa Nyumba ya Njambi

Nyumba ya mwanamke huanzwa asubuhi na kwisha jioni ya siku hiyo hiyo. Jua likizama kabla jiko halijawashwa, mapepo hutangulia kuingia, na kesho yake watu hurudi kuibomoa, kila mtu na nguzo aliyoisimika. Njambi aliyajua hayo tangu utotoni, lakini leo yalimhusu yeye mwenyewe.

Alikuwa na mimba pevu. Tangu Ngunjiri amwoe awe mke wake wa pili, alikuwa akilala kwa mke mwenzake Nyaguthii, pembeni, karibu na mbuzi waliolazwa humo ndani, akilalia majani makavu, na hapakuwa na tonge alilomeza bila kusindikizwa kwa macho. Nyumba isipowashwa moto leo, atazalia pale pale, mikononi mwa Nyaguthii. Heri azalie msituni.

Basi wanaume walichimba na kusimika, wanawake wakaleta nyasi, na matusi ya kazi yakaruka kama kawaida.

"Nyinyi wanawake, nyasi mmezifuata Ukambani?" alipiga kelele Mutahi, mdogo wake Ngunjiri, juu ya paa. "Jua linatukaanga huku!"

"Shuka basi, Mutahi! Nyumba ya mkeo inavuja mpaka vyura wamehamia!" alijibu mmoja wao.

Watu wakacheka. Yale yalikuwa ya mzaha. Ya Nyaguthii hayakuwa ya mzaha. Alikuja na kibuyu cha uji, akawamiminia wote, Njambi akampa mashapo ya chini.

"Bibi harusi, nyasi hizi umezikata kwa meno? Fupi hivi, hata panya hawezi kujificha."

"Panya abaki kwako, Mama Kabui. Kwako amezoea," alisema Njambi, akimwita kwa jina la mwanawe.

Nyaguthii alitabasamu kwa mdomo tu. "Cheka, mtoto. Nyumba si paa. Nyumba ni moto, na moto wa boma hili uko kwangu."

Njambi aliendelea kupanga nyasi. Alidhani ni majivuno.

Jua lilipoinama kuelekea milima ya Nyandarua, kichwa cha paa kilikuwa kimefungwa na mafiga matatu yamekaa mahali pake. Ngunjiri akawatuma watoto wawili, wa kiume na wa kike, kama inavyopasa, wakachukue kaa la moto kwa Nyaguthii. Wakarudi na kigae kitupu.

"Mama anasema moto umezimika," alisema yule wa kike.

Hata waliokuwa juu ya paa wakashuka. Moto ule uliwashwa na marehemu mama yake Ngunjiri, na haukuwahi kulala. Njambi alikuwa wa kwanza kufika mlangoni kwa Nyaguthii, mimba na yote. Jiko lilikuwa jeusi, maji yakitiririka kwenye mafiga.

"Kibuyu kimeniponyoka," alisema Nyaguthii, ameketi kwenye kigoda.

"Kikaponyoka jikoni, kikatafuta kila kaa mpaka la mwisho?"

"Maji hayana macho, mwenzangu."

Moto wa kwanza wa nyumba hauombwi nje ya boma. Na moto wa thingira, nyumba ya mume, hutoka kwa Nyaguthii kila jioni. Alikuwa ameyapima yote hayo.

Ngunjiri aliondoka mbio. Alichomoa vijiti vya kupekechea moto katika paa la thingira, akapiga magoti mbele ya nyumba mpya, akapekecha. Moshi ukatoka, ukafa. Mutahi akampokea vijiti, jasho likamdondoka puani. Moshi ukatoka, ukafa tena.

"Nyasi hizi na kuni hizi zote ni mbichi," alisema Mutahi. "Cheche tunazo, hazina cha kula!"

Jua lilikuwa limeshagusa mlima. Nyuma ya watu, Nyaguthii alisimama mikono kifuani.

Ndipo Njambi akakumbuka kitanda chake. Aligeuka, akaingia tena kwa Nyaguthii, akapita mbuzi, akakumbatia majani aliyolalia tangu aolewe, yaliyokaushwa usiku baada ya usiku na moto wa mwanamke yule yule.

"Hayo ni ya kwangu!" Nyaguthii alimshika mkono mlangoni.

"Nimeyalalia mimi, na kuyalilia mimi. Niachie, Mama Kabui, ama nikuangukie na mimba hii."

Akaachiwa. Aliyafikicha yakawa unga, akauweka chini ya kijiti. Mutahi akapekecha, cheche ikashuka, ikala. Wale watoto wawili wakaubeba moto ndani, na jua lilipozama moshi ulikuwa tayari unapenya nyasi mpya. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakashtuka.

Giza lilipoingia, watu wakiwa bado wanakunywa pombe ya muwa, kulikuwa na nyumba moja tu isiyo na mwanga. Aliyeuacha moto wake ufe ameingia thahu, najisi inayotaka mbuzi achinjwe, na mume alikuwa ameshasema mbuzi atatoka kesho katika wale wa Nyaguthii mwenyewe. Lakini watoto hawali mbuzi wa kesho. Watoto wake walikuwa wakilia njaa, na moto pekee bomani ulikuwa wa Njambi.

Kivuli kikasimama mlangoni kwa Njambi. Kilikuwa kimeshika kigae.

"Kitendawili," alisema Njambi, bila kuinuka.

Nyaguthii alikisukuma kigae mbele. Kisha, kwa meno yaliyobanwa: "Tega."

"Nampa jirani, na changu hakipungui."

Nani asiyelijua hilo? Mtoto mdogo angelijibu. Nyaguthii aliutazama ule moto, na jibu likamkataa mdomoni.

"Sijui. Chukua mji, unipunguzie maneno."

"Mji baki nao. Wangu nimejengewa leo."

Mtoto akalia tena huko gizani. Njambi akachagua kaa, si kubwa si dogo, akaliangusha kwenye kigae.

"Hili ni la wale watoto," alisema. "Usiseme nimekupa wewe."

"Sikukushukuru," alisema Nyaguthii, akaondoka akilikinga kaa na upepo kwa kiganja.