Mtetea wa Nkhoswe

Mzee Chisale alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa siku moja. Alitoka kijijini kwake Bvumbwe jogoo la kwanza, kwa miguu, na mtetea kwapani. Mpwa wake Tamandani alikuwa anaolewa Ndirande, naye ndiye nkhoswe, mjomba wa kumsemea binti. Upande wa mume huja na jogoo, upande wa mke na mtetea, wajomba wakabadilishana, ndoa ikawa ndoa. Mjomba asipofika, hakuna ndoa.

Alipoingia mjini, Limbe, miguu ikagoma. Akaketi kwenye baraza la duka lililofungwa, avute pumzi tu. Hapo ndipo gari la polisi lilipopita likizoa watu.

Kituoni, afande hakuinua uso. "We mzee, kazi yako nini?"

"Nilichuma chai miaka thelathini. Sasa sina."

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa marehemu dada yangu, Ndirande, kwenye harusi ya binti yake. Karibu na bomba la maji."

"Bomba la maji! Haya, bomba lipi, babu? La harusi au la msiba?" Wenzake wakacheka. "Huna kazi, huna anwani, na kuku huyo tunajuaje ni wako?"

Wakamwandika mzururaji. Sheria hiyo ya uzururaji Wazungu waliiacha walipofungasha virago, nasi tumeitunza kama urithi wa baba. Neno lile lilimchoma mzee. Tangu azaliwe hajawahi kutembea bila kuwa na anakokwenda.

"Tafuta mtu wa kukudhamini," afande akamwambia.

Mabinti saba wa ukoo aliwasimamia yeye. Wa kumsimamia yeye hakumjua. Saa tatu ya harusi ikampita akiwa sakafuni. Baadaye kidogo, muuza ndizi aliyekamatwa pamoja naye alikuja kutolewa na mumewe, na mzee akamwomba apeleke habari.

"Nitapajuaje, baba?"

"Fuata vigelegele."

Saa nane Tamandani aliingia na gauni lake jeupe, vumbi hadi magotini.

"Wewe ni nani wake?" afande akauliza.

"Huyu ni mjomba wangu. Leo mimi ndiye nkhoswe wake." Akatia sahihi.

Nje, mtetea wake karudishiwa, mzee hakuthubutu kumtazama. "Wageni je?"

"Wameondoka. Wamesema hawaoi kwenye ukoo usio na mkubwa. Jogoo wao wamerudi naye."

Mzee akaketi kwenye ngazi ya kituo, machozi yakamtoka mbele ya watu. "Nimekuharibia, mwanangu."

"Hujaniharibia wewe. Inuka, mjomba, usikae hapo watakuzoa tena. Twende kwao."

"Wapi?"

"Chilomoni."

Ilikuwa ng'ambo ya pili ya mji. Mzee akaitazama miguu yake iliyovimba, kisha akamkumbatia mtetea vizuri kwapani.

"Na wakitukamata njiani?"

Tamandani akavua viatu, akavishika mkononi. "Watukamate wote wawili."