Sauti ya Dirishani

Kama ungetaka kuona akili za wazee wa kanisa zinavyofanya kazi, ungekuja Ibaba mwaka 1949. Ungetukuta tumemtenga Tusekile kwa kosa la kuimba, kisha tumemfuata nyumbani kwake kumwomba atuimbie.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Baba yake alipofariki, Tusekile alisimama kaburini akaanzisha wimbo wa maombolezo wa Kindali, lugha yetu, ule wa kale, ambao mmoja hutoa na wote huitikia. Aliutoa vizuri hata mzee Anania, mkuu wa wazee wetu wa kanisa, akaitikia mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Jumapili iliyofuata Anania huyo huyo alisimama mbele ya usharika akatangaza kwamba Mkristo mmoja ameimba nyimbo za kipagani, na Mkristo huyo ni Tusekile. Sisi tulioitikia tuliinamisha vichwa kwa uchaji. Aliyeanzisha alikuwa mwenye dhambi. Walioitikia walikuwa wafiwa tu.

Aliyetengwa hakukaribia Meza ya Bwana, hakuingia kanisani kuimba, wala mtoto wake hakubatizwa. Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha Tusekile usingizi. Mtoto wake wa kwanza alikufa kabla ya ubatizo, tukamzika bila hata ubeti mmoja, kimya kama watu wanaofukia mbegu. Sasa alikuwa na wa pili, Lusubilo, wa miezi mitano, na kifua chake kilikuwa hakieleweki. Mchungaji alifika kwetu mara moja kwa mwaka, maana tangu Wajerumani wa misheni waondolewe wakati wa vita, mtu mmoja alichunga milima yote ile kwa miguu.

Kwaya nayo ilikuwa ya mwalimu Amoni. Alikuwa na chuma kidogo cha meno mawili cha kutafutia sauti. Alikigonga gotini, akakiweka sikioni, akafumba macho kama anayepewa siri na malaika, kisha akatugawia kila mtu sauti yake. Chuma hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu, maana bila Tusekile sauti ya kwanza ilikuwa kuku walioona mwewe, na usharika mzima uliokuwa ukimfuata yeye ulianza wimbo pamoja na kuumaliza makundi matatu.

Wiki mbili kabla ya mchungaji kuja, wazee walikaa baraza. Wakafungua kitabu cha taratibu, wakakuna vichwa, wakavumbua jambo: aliyetengwa ni Tusekile, sauti yake haikutajwa. Basi akae nje, chini ya dirisha la upande wa kwaya, sauti iingie na mwenyewe abaki.

"Ukituimbia, mwanangu," Anania akamwambia tulipomfuata nyumbani kwake, "jina la mtoto litakuwa kwenye orodha."

"Litakuwa, baba?"

"Mimi nimesema."

Aliyebeba kigoda na kukiweka chini ya dirisha ni mimi, Yonasi, wa besi. Najidharau mpaka leo.

Siku ikafika. Mchungaji aliingia ametapakaa matope, ana njaa, na ana kituo kingine mbele yake kabla mvua haijarudi. Amoni akagonga chuma. Tusekile akaanza kule nje, na kanisa likasimama juu ya sauti yake kama nyumba juu ya nguzo. Mchungaji alisahau njaa. Amoni alipokea sifa kwa kichwa kilichoinama kidogo, na kwaya nzima tukainamisha vyetu.

Kisha ikasomwa orodha ya ubatizo. Watoto kumi na mmoja. Lusubilo hakuwemo. Nilimtazama Anania, alikuwa anatafuta kitu kwenye kofia yake.

Ukaja wimbo wa ubatizo. Chuma kikagongwa. Dirishani kimya. Tukaanza wenyewe, tukatawanyika kabla ya mstari wa pili, tukanyamaza mmoja mmoja.

"Kuna nini?" mchungaji akauliza.

"Vumbi, mchungaji," Amoni akasema. Nje matope yalifika vifundoni.

Kichwa cha Tusekile kikatokea dirishani. "Si vumbi, baba. Nimemsikiliza mwanangu kwenye orodha, sikumsikia."

"Wewe ni nani? Mbona uko nje?"

"Nimetengwa, nikawekewa kigoda hapa nje. Nilimwimbia baba yangu kaburini."

"Peke yako?"

Kanisa zima tukaanza kuchunguza sakafu. Tusekile hakututaja hata mmoja. Alitoa tu ule mstari wa kwanza wa maombolezo, polepole, kama anayembembeleza mtoto. Na mzee Anania, ambaye kinywa chake kiliujua wimbo ule miaka arobaini kabla ya kuijua katekisimu, akaitikia. Akaitikia kwa nguvu, peke yake, kisha akajifunika mdomo kwa kofia.

Hakuna aliyecheka. Tuliogopa kuitikia na sisi.

Mchungaji akamgeukia. "Mzee Anania, kile kigoda cha nje kinatosha watu wangapi?" Hakungoja jibu. "Lete mtoto."

Tusekile hakuzunguka mlangoni. Alimpitisha Lusubilo dirishani, kichwa ndani, miguu nje, nami nikashika beseni. Mtoto akabatizwa hivyo, akilia kwa sauti ya kwanza safi kuliko ya kwaya.

"Na wewe, mama, ingia," mchungaji akasema. "Umerudi kundini."

Amoni akapata uhai tena. Akakunja shingo kwa adabu. "Ndiyo, mama, ingia. Tuanzishie wimbo wa kufunga."

Tusekile alikuwa amerudishiwa mtoto, anamfunga mgongoni. "Mwalimu," akasema, "chuma chako si unacho?"

Akashuka mteremko kwenda zake. Tukaimba beti zote sita. Kufikia wa tatu, mchungaji alikuwa amekwisha vaa kofia.