Kibali cha Kulala Mbali

Mke alikuwa fundi cherehani, na mume fundi saa. Wateja walimwita mke Mama Pindo, kwa kuwa hakuna suruali iliyowahi kutoka mikononi mwake na pindo lililokwenda upande. Mumewe walimwita Bwana Saa, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kufika popote kwa wakati. Walikuwa na miaka thelathini na sita ya ndoa, na kwa miaka kumi na mmoja ya mwisho kila mmoja alilala chumba chake.

Hawakuwa wamegombana. Bwana Saa alikuwa anakoroma, basi. Mkoromo wake ulianza kama mtu anayeburuta meza, ukapanda, ukakatika ghafla hadi mkewe akainuka kuangalia kama bado yu hai, kisha ukarudi kwa kishindo. Binti yao alipoolewa na chumba chake kubaki wazi, Bwana Saa alikwapua mto wake siku hiyo hiyo.

"Mke wangu, nakuonea huruma," alisema, akahama.

Tangu hapo nyumba ikatulia. Kila asubuhi alimgongea mkewe mlango na kupiga hodi, naye Mama Pindo akaitikia "Karibu" kwa sauti ya mtu aliyekuwa anasubiri mgeni. Jirani zao wa ukuta wa pili walilala kitanda kimoja miaka yote, na hawakuwa wamesemezana tangu uchaguzi uliopita.

Ndipo serikali ikagundua kwamba talaka zimezidi. Tume ikaundwa, ikazunguka nchi nzima, ikala, ikalala hotelini, ikaandika ripoti. Ripoti ilithibitisha kwa takwimu kwamba watu wote waliotalikiana hawalali kitanda kimoja. Wabunge walipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Ikapita Sheria ya Mshikamano wa Ndoa: mume na mke, kitanda kimoja, na mito isiyoachana zaidi ya sentimita thelathini.

Mkaguzi alifika kwa Mama Pindo siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa dada wa umri wa binti yao, mwenye pete ya ndoa na macho mekundu ya mtu asiyepata usingizi. Mkononi alishika ubao wa kuandikia na futi ya kupimia.

"Shikamoo mama. Naomba kuona vitanda."

"Marahaba. Vitanda vina nini?"

"Ni ukaguzi tu, mama. Dakika tano."

Alipima kitanda cha kwanza: tano kwa sita. Akaingia chumba cha pili, akapima kingine: tatu kwa sita. Akapapasa shuka, akanusa mto, akaandika.

"Hapa analala nani?"

"Mume wangu."

"Mmekosana?"

"Hapana."

"Mama, usinifiche. Kuna mwanamke mwingine?"

Mama Pindo alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwenye kitanda cha futi tatu, na ule mkoromo? Huyo mwanamke mimi mwenyewe ningemletea chai."

Mkaguzi hakucheka. Alieleza kwamba fomu haina nafasi ya mkoromo. Ina ugomvi, ugonjwa na safari. Akaita wanaume wawili waliokuwa nje na gari, wakabeba godoro la Bwana Saa kama kielelezo, na kwenye fremu tupu wakabandika karatasi yenye muhuri: KITANDA HIKI KIMEZUILIWA.

Kwa hiyo wakalala pamoja, kama sheria ilivyotaka. Usiku wa kwanza waliona kama utani. Baada ya wiki moja Mama Pindo alikuwa anasinzia juu ya cherehani na mguu bado uko kwenye kanyagio. Alishona sare ya mwanakwaya akaipa mikono mitatu. Gauni la bibi harusi akalitia zipu ya kufungwa kwa ndani, na bibi harusi akalia dukani mbele ya mama mkwe wake.

Bwana Saa naye alikonda. Akiogopa kumsumbua mkewe, alijitahidi kukesha macho wazi, na mchana akawa anaangusha skrubu ndogo za saa za watu na kuzitafuta sakafuni kwa magoti. Hodi ya asubuhi iliisha yenyewe. Mtu hawezi kumpigia hodi mtu aliyemlalia mkono.

Wiki ya tatu waligombana kuhusu kijiko, kijiko cha chai tu. Mama Pindo alisema maneno ambayo hakujua kama anayo. Bwana Saa alikirudisha kijiko mezani, akasema polepole, "Labda ingekuwa heri kwako niondoke kabisa."

Neno lile lilimwamsha mke kuliko mikoromo yote. Kesho yake alifunga duka, akavaa gauni la kitenge alilokuwa analihifadhi, akaenda ofisi ya serikali kuomba Kibali cha Kulala Mbali.

Kibali kilikuwepo. Kilikuwa na fomu ya kurasa tisa, na waombaji walitakiwa kufika wote wawili mbele ya kamati, mkoromo uthibitishwe. Kwa kuwa watumishi hawakulipwa kazi ya usiku, uthibitisho ulifanyika saa tano asubuhi.

Siku ilipofika, Bwana Saa alilazwa kwenye godoro lake mwenyewe, lililotolewa stoo likiwa na namba ya kesi kwenye kona. Walilitandika sakafuni, katikati ya chumba cha mikutano. Wajumbe watatu, mwenyekiti na mwandishi wa kikao wakiwemo, walikaa mezani na kalamu zao. Mkaguzi alikuwa mlangoni, Mama Pindo kwenye benchi.

"Mzee, lala," alisema mwenyekiti, mwanamume mnene aliyevaa tai fupi.

"Nalala."

"Mbona macho wazi?"

"Mheshimiwa, mnanitazama watu watano."

Wakageuza viti wakatazama ukuta. Dakika arobaini zikapita. Mtu yule aliyesinzia popote pale, kwa kinyozi, msibani, hata siku ya harusi yake mwenyewe, hakupata lepe la usingizi. Mjumbe mmoja alipendekeza waandike kwamba mkoromo haukuthibitika. Mwenyekiti akasema sawa, lakini kanuni inataka mwombaji asomewe sheria kwanza ndipo akataliwe. Akafungua kitabu, akakohoa, akaanza.

"Kifungu cha kwanza. Katika sheria hii, isipokuwa kama muktadha utahitaji vinginevyo, kitanda maana yake ni kifaa chochote kilichotengenezwa, kilichokusudiwa au kinachoweza kuchukuliwa kuwa kimekusudiwa..."

Kope za Bwana Saa zilitetemeka. Kifungu cha tatu kilimkuta amefumba macho. Cha nne hakukisikia. Meza ilianza kuburutwa, taratibu, kisha kwa nguvu. Vioo vya dirisha vikaitikia. Mlinzi alikuja mbio kutoka getini akiuliza nani amewasha jenereta. Mkoromo ukakatika. Wajumbe wote wakasimama, mkono kifuani. Mkoromo ukarudi, na mwandishi wa kikao akadondosha kalamu.

"Umethibitika," alisema mwenyekiti, akijipangusa jasho. "Mama, pole sana."

"Nimeshapoa."

"Umebaki ukurasa wa tisa tu, utie majibu nikugongee muhuri."

Mama Pindo alivaa miwani akausoma. Ukurasa wa tisa uliwataka wanandoa wanaolala mbali wataje siku wanazotembeleana chumbani, ni nani huanza kwenda kwa mwenzake, na hukaa muda gani. Alisoma mara mbili. Kisha akakunja miwani.

"Hili sijibu."

"Mama, ni utaratibu tu. Hata mimi..." Mwenyekiti akajiuma ulimi.

"Mimi nashona nguo za watu, baba. Najua nani kanenepa, nani ana kovu, nani ana mimba ambayo bado hajasema. Sijawahi kumwambia mtu, na sijawahi kuuliza kisichohusu kitambaa. Nyie mna bunge zima, mnashindwa adabu ya fundi cherehani?"

"Bila ukurasa wa tisa hakuna kibali."

"Basi andika mwombaji amekataa."

Akamtikisa mumewe bega. Bwana Saa alifungua macho, akatazama meza, wajumbe, mlinzi.

"Tumepata?"

"Hatujapata. Shika upande wa kichwa."

Alielewa bila kuelezwa. Wakaliinua godoro wawili, yeye mbele, mkewe nyuma, wakaelekea mlangoni. Mwenyekiti alipiga kelele kwamba hicho ni kielelezo cha serikali. Akamwamuru mkaguzi awazuie. Mkaguzi alisimama pale mlangoni, na Mama Pindo akamwangalia usoni, ana kwa ana, huku mikono inauma. Dada yule akasogea pembeni akaushika mlango wazi mpaka godoro likapita lote. Wakalibeba mjini kwenye jua la mchana, wakipumzika kila kona, na watu wakawasalimia.

Majina yao yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo, chini ya kichwa WAKAIDI WA NDOA. Mama Pindo alipita hapo mara moja akasoma, akaona jina la mumewe limekosewa herufi, akaenda zake. Wiki iliyofuata waliongezwa watu sita. Mwezi uliofuata ubao ulijaa, wakaandika ukutani. Sheria haikufutwa. Iliongezewa kanuni, kanuni zikaongezewa fomu, na fomu zikaisha kiwanda cha uchapaji. Wakaguzi waliambiwa wasubiri.

Nyumbani, Bwana Saa aliikwangua ile karatasi ya muhuri kwa kisu cha kufungulia saa, akalala. Mama Pindo alilala saa kumi na moja mfululizo, akaamka na njaa. Ile sare ya mwanakwaya aliifumua akaishona upya bila malipo, na kwa bibi harusi alikwenda mwenyewe kuomba radhi.

Siku moja mchana mkaguzi aliingia dukani. Hakuwa na ubao wala futi. Alizunguka akishikashika vitambaa, akasubiri mteja mwingine atoke.

"Mama, nataka mashuka. Pea mbili."

"Kitanda kipimo gani?"

Dada alitazama mlangoni kwanza. "Tatu kwa sita."

Mama Pindo aliandika kipimo kwenye daftari.

"Rangi gani, mwanangu?" aliuliza.