Meneja wa Mashuka

Hakuna fomu iliyopita mkononi mwa Kamusi ikakataliwa dirishani. Ndivyo alivyojisifu kila asubuhi akikunjua mwavuli wake nje ya ofisi ya kazi, na watu wa foleni walimwamini awajazie, maana fomu zote za ofisi ile zilikuwa za Kiingereza na wengi wao Kiingereza walikisikia redioni tu.

Kazi yake hasa ilikuwa kuwapandisha watu vyeo. Mlinzi wa geti aliketi kwenye kigoda cha Kamusi, akainuka akiwa "Security Officer". Msukuma mkokoteni mmoja, alipoandikwa "Transport Executive", aliuliza kama kesho yake bado ataruhusiwa kusukuma.

"Wakubwa wanapenda neno lililovaa tai," Kamusi alimjibu.

Jumanne moja akaja mama mmoja, mkono wa kulia umefungwa hadi kwenye kiwiko, bandeji imefuliwa na kurudiwa mpaka ikawa rangi ya chai. Alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka kumi na tisa. Mashine ya kupigia pasi iliuvuta mkono pamoja na shuka, na kabla mwenzake hajaifikia swichi, vidole vitatu na gumba vilikuwa vimekwisha. Hospitali ilimfunga jeraha, ikampumzisha wiki mbili, kisha ikamwambia nafasi yake imeshapata mtu. Kilichobaki ni fidia, na fidia ilitaka fomu.

"Kazi yako, mama?"

"Andika nafua mashuka, mwanangu."

Kamusi akacheka. "Mama, Kiingereza hakina neno dogo kiasi hicho. Tukiandika hivyo watakulipa kipande cha sabuni."

"Lakini ndiyo kazi yenyewe. Nafua mashuka."

"Mko wangapi pale?"

"Sita."

"Mkongwe ni nani?"

"Mimi."

"Basi tumemaliza," alisema, na akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka: LAUNDRY MANAGER.

Mama akaomba asomewe.

"Meneja wa dobi."

Aliliangalia neno lile kwa muda, kisha akazificha ndala zake chini ya kigoda. "Ungeniambia mapema ningevaa viatu," alisema, na hata fundi viatu aliyeshonea kwenye benchi la jirani, mzee asiyechekacheka, alicheka puani. Mama akaweka dole gumba la kushoto, akaenda dirishani amenyooka mgongo.

Alirudi baada ya miezi minne. Kamusi alikuwa na mteja, mpishi wa shule aliyetafuta kazi mpya, fomu yake ikiwa imeshajazwa nusu. Mama akasimama kando mpaka alipoitwa, akatoa barua kwenye mfuko wa nailoni.

"Nisomee, baba. Karani wa dirishani ameniambia imekwisha, lakini hajaniambia ni nini kimekwisha."

Kamusi aliisoma kimya. Ilikuwa ya mistari mitatu. Hospitali imeulizwa; haijawahi kuajiri meneja wa dobi mwenye jina hilo. Dai limefungwa. Jeraha moja haliruhusiwi fomu mbili.

Akamweleza, sauti chini.

"Hawanijui?" mama akauliza. "Daktari mkuu mwenyewe ananiita kwa jina. Nimemfulia makoti tangu hana mvi."

"Wanasema hawamjui meneja."

"Nimempa karani mkono auone. Amesema yeye halipi mkono, analipa karatasi. Si tuandike nyingine? Andika tu nafua."

"Haikubaliki, mama."

Mpishi alikuwa ameacha kuangalia barabarani. Sasa aliangalia kalamu. Kamusi akakunja barua mara mbili, tatu, na maneno yakamtoka mepesi kama siku zote.

"Ila na wewe, mama. Mimi naandika ninachoambiwa. Si ulisema mwenyewe unawaongoza wale watano?"

Mama akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, macho chini, mkono mbovu umelazwa juu ya mzima.

"Labda nilisema," alijibu. "Siku zile maumivu yalikuwa makali, mwanangu. Huenda nilisema. Nisamehe kama nimekuharibia kazi."

"Hukusema."

Ilikuwa sauti ya fundi viatu. Hakuinua kichwa, sindano ilikuwa katikati ya soli.

"Ulisema unafua mashuka. Ukasema mara mbili. Nilikuwa hapa hapa, na nilicheka pia, Mungu anisamehe."

Akavuta uzi mpaka mwisho. Mpishi akanyoosha mkono, akaichomoa fomu yake taratibu chini ya kiwiko cha Kamusi. Mama hakumgeukia fundi. Alibaki anamtazama Kamusi, bila hasira, akingoja, kama vile maneno hayo ya fundi nayo yalikuwa kwa Kiingereza na ilibidi asomewe.