Mihuri Mitano

Barua ilikuwa na mihuri mitano, na Nunow alijivunia kila mmoja. Wa chifu ulikuwa wa zambarau, wa wakili mwekundu na mpana kama kifuniko cha birika, na wa mwisho, wa ofisi ya tarafa, ulipigwa pembeni kabisa, juu ya kimraba cheusi chenye madoadoa ambacho yeye alikidhania kuwa pambo. Karani aliuliza aupige wapi. Nunow, akiona katikati ya karatasi pamejaa, akamwonyesha hapo kwa kidole chake mwenyewe.

Barua yenyewe ilikuwa ya binti yake, Hinda, aliyekubaliwa kusomea utabibu wa mifugo katika chuo kikuu cha ng'ambo, kwenye mji ambao jina lake lilimshinda Nunow kulitamka. Ilikuja kwa baruapepe. Hinda alikuwa Bura akimuuguza bibi yake, na mtandao wa huko ulikuwa wa kuja na kupotea, kwa hiyo akampigia baba yake simu: aende kwa Issack, mwenye duka la kompyuta karibu na soko la mifugo la Garissa, waipandishe barua hiyo kwenye maombi ya viza. Basi. Kazi ya dakika tano.

Nunow aliifanya kwa siku tatu. Issack alipomchapishia barua, aliigeuza huku na huku, akaona haina muhuri hata mmoja wala wino wa mkono wa mtu. Alijua karatasi tupu humfanyia mtu nini. Alipokuwa na miaka ishirini alikwenda kuomba kitambulisho, akasimamishwa mbele ya jopo la wazee na maofisa waliomuuliza hata majina ya babu wa babu yake. Alipojibu yote, ofisa mmoja akapekua faili na kuuliza, "Muhuri wa chifu uko wapi?" Chifu alikuwa amesafiri. Kitambulisho kilipatikana baada ya miaka miwili, na nafasi aliyokuwa ameipata katika chuo cha ualimu ilikwishapewa mtu mwingine. Nunow akaingia sokoni kuwa dalali wa ngamia. Kazi ilimkubali, lakini swali la ofisa yule hakulisahau.

Kwa hiyo alizunguka ofisi kwa ofisi. Alisubiri kwenye mabenchi, akaamkua watu asiowapenda, akanywa chai asiyoitaka. Kisha akamkabidhi Issack karatasi iliyokamilika aipige picha na kuituma. Siku hiyo alirudi nyumbani akitembea kama kijana.

Jibu lilimkuta Hinda njiani akirudi. Aliingia na vumbi la Bura miguuni, hakuketi.

"Aabo, ubalozi wanasema barua imechezewa."

"Imechezewa na nani?"

"Kuna alama zilizoongezwa, na kile kimraba hakisomeki. Tusipotuma barua halisi na maelezo kabla ya saa kumi leo, maombi yanafungwa. Muhula unaanza mwezi ujao. Mwaka huu hakuna kuomba tena."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nunow akaenda chumbani, akarudi na bahasha, akaitoa barua kwa mikono miwili.

"Halisi si hii hapa?"

"Hiyo ni nakala. Halisi imo humu." Akainua simu.

"Hinda, simu haina muhuri. Mtu yeyote anaweza kuandika kitu kwenye simu."

Aliiona hasira machoni mwa binti yake, akaona pia jinsi alivyoizuia.

"Aabo, jana umeuza ngamia?"

"Wawili."

"Bei mlikubaliana vipi?"

"Kwani hujui? Kwa vidole, chini ya shuka."

"Na nani alipiga muhuri?"

Nunow akaguna. "Muhuri wa nini? Mimi nimemshika vidole, yeye amenishika. Waliosimama pale hawajui tumeambiana nini. Sisi wawili tunajua."

"Basi shuka ni hili." Hinda akaweka kidole kwenye kimraba. "Chuo na ubalozi wameshikana vidole humu ndani. Mashine yao ikikisoma, chuo chenyewe kinajibu kwamba huyu ni wetu."

Nunow akautazama muhuri wa tarafa ulivyokaa juu ya madoadoa. Katika miaka yake yote sokoni hakuwahi kumwona mtu akithubutu kutia mkono chini ya shuka la watu wawili wanaopatana. Yeye mwenyewe angemfukuza mtu huyo kwa fimbo. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Twende kwa Issack," akasema.

Barua safi ilitumwa kufumba na kufumbua. Yakabaki maelezo. Hinda akaanza kuandika, na Issack akayasoma kwa sauti: "Naomba radhi kwa kosa nililofanya..."

"Futa," Nunow akasema. "Wewe hukukosa."

"Ni maneno tu, Aabo."

"Maneno hayo yataingia kwenye faili lako. Mafaili nayajua mimi. Nipe nambari ya simu ya hao watu."

Simu haikupokelewa. Alipiga tena, na tena. Adhana ya adhuhuri ilipomkuta anapiga, akaenda kuswali, akarudi na maji ya udhu bado ndevuni, akaendelea. Issack alimletea kiti, akakikataa. Mara ya kumi na mbili, mwanamke akapokea.

"Salaam aleikum, mama. Mimi baba ya Hinda Nunow. Ile barua ya mihuri, mimi ndio nilibiga. Mtoto alikuwa Bura, hakuona. Kosa iko kwangu."

"Yote mitano ni wewe, mzee?"

"Yote."

"Lakini kwa nini mitano?"

"Mtu ya sita alikuwa likizo."

Upande wa pili kikasikika kicheko kilichozuiwa. Nunow hakucheka.

"Mama, mimi nilikosa chuo sababu ya muhuri moja. Sikutaka yeye akose. Sasa hiyo makosa andika kwa jina yangu. Kwa jina yake usiandike kitu."

"Nimekuelewa, mzee," mwanamke akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nitaandika hivyo. Barua mpya ikisomeka, mtapata ujumbe."

Ujumbe uliingia saa tisa na nusu. Barua imehakikiwa, mwombaji afike Nairobi Jumatatu kwa mahojiano, aje na pasipoti. Issack akapiga ukelele wa "Mashaallah!" Hinda akajifunika uso kwa mtandio.

Nunow akaichukua ile karatasi ya mihuri mitano, akaishika katikati ili aichane. Hinda akamdaka mkono.

"Nitakwenda nayo."

"Haina kazi hii. Imetutia matatani."

"Nitakwenda nayo, Aabo."

Akaikunja mara mbili, mihuri ikiwa ndani, akaitia kwenye bahasha ya plastiki nyuma ya cheti chake cha kuzaliwa. Wakatoka, jua likiwa bado kali, wakatembea hatua kadhaa.

"Huyo wa sita ni nani?" Hinda akauliza.

"Mwalimu wako mkuu wa zamani. Anarudi kesho."

Hinda akasimama. Akaifungua bahasha, akaikunjua barua palepale njiani, akaitazama vizuri. Chini, kwenye kona ya kushoto, palikuwa bado na nafasi.